Seva ilijifunga wakati wa minervali: lisansi iko ya nani?

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa, mwaka jana. Mbele ya buro ya mituele yetu hapa Bunia, watu walikuwa wamepanga mstari kabla jua halijapanda. Wengi walikuwa wamama: wajane wa wafanyakazi wa mgodi, wake za wachimbaji wa Nizi na Mongbwalu, pamoja na wazee wetu wa pensheni wenye kutembea na fimbo. Watoto walikuwa wanarudi masomoni. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa bure tangu 2019, lakini sekondari ingali na malipo yake, na mtoto wenye hakulipa anarudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Njo maana kila mwaka, wakati ule, watu wanakuja kutoa akiba yao.

Saa mbili, mwenzetu wa kwenye sanduku akafungua ordinatere, akaandika jina lake na kode yake, akangoja. Ekrani ikaleta maneno mafupi, kisha ikafungika. Akaanza tena. Vile vile. Akapigia simu mwenzake wa Nizi: vile vile. Mongbwalu: vile vile.

"Papa, masini imekatala," akatuambia. "Inasema hakuna lisansi."

Sisi wa komite ya sendika tukatazamana. Lisansi gani? Feza ya watu iko, majina yao yako, hesabu iko. Programu tulilipa. Kampuni yenye kutunza seva tunailipa kila mwezi. Sasa ni lisansi gani tena?

Jibu tulilipata, lakini lilituchukua majuma mengi kulielewa, na watu wetu ndio walilipa bei ya kuchelewa kwetu. Tunaandika haya kwa sababu tunaona koperative za wachimbaji, mituele na vyama vya wamama hapa Ituri vinaelekea njia ile ile tuliyopita sisi. Heri wajue mbele.

Kutoka daftari mpaka seva

Tangu dhahabu ilipoonekana huku Kilo mwaka 1903, mfanyakazi wa mgodi ameishi na karatasi: karatasi ya kuajiriwa, karatasi ya mshahara, karatasi ya hospitali. Mituele yetu pia ilianza hivyo, na madaftari makubwa yenye mistari, jina moja kila ukurasa. Kazi ilikuwa nzuri, lakini daftari lilikuwa moja tu, na lilikaa Bunia. Mtu wa Mongbwalu akitaka kujua ana akiba gani, alipaswa kushuka mpaka hapa, zaidi ya kilomita 80. Barabara ile wote tunaijua: matope wakati wa mvua, na bunduki wakati wowote.

Kwa hiyo tulikubali kampuni moja ndogo ya hapa mjini ituletee programu ya hesabu. Vijana wale waliiandika wenyewe, na ni kazi safi, hatuna neno juu yake. Programu inatumika ndani ya Windows. Badala ya kuiweka katika kila ordinatere, waliiweka mahali pamoja, katika seva yao. Watu wetu wa Bunia, Nizi na Mongbwalu wanaingia kwa mbali.

Hapa tueleze kidogo, juu wengi wanafikiri ni uchawi. Programu haisafiri. Inabaki palepale ndani ya seva, na hesabu zote zinabaki pale. Chenye kusafiri ni vitu viwili tu: herufi unazopiga zinakwenda, na picha ya ekrani inarudi. Ni kama mtu amesimama nje ya dirisha na kuelekeza mkono wa mwandishi aliye ndani ya nyumba. Njia hii inafaa inchi yetu kwa sababu mbili. Kwanza, haiombi intaneti nyingi, na koneksio dhaifu ya simu inaweza kutosha. Pili, umeme ukikatika Nizi katikati ya kazi, kazi haipotei. Seva inashika mahali ulipoachia, na ukirudi unaendelea.

Namna hii ya kazi si mpya. Kampuni ya Citrix ilianzishwa Marekani mwaka 1989 na Ed Iacobucci, mtu aliyetoka IBM. Mwaka 1995 ilitoa WinFrame, iliyowezesha watu wengi kutumia Windows moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1997 Microsoft ilipatana nayo, na mwaka 1998 ikatoa Windows NT yake yenye mlango kama ule. Leo mlango huo unaitwa Remote Desktop Services. Ndio huo uliotufungia.

Siku 120

Mtu akinunua Windows Server, anaruhusiwa watu wawili kuingia kwa mbali bila lisansi nyingine. Lakini wawili hao ni kwa kazi moja tu: kutunza seva yenyewe, kama fundi anayeingia kuangalia pampu. Hawaruhusiwi kuingia kufanya kazi ya sanduku.

Ukitaka watu wa kazi waingie, unafungua mlango mkubwa wa Remote Desktop Services, na kila mwenye kupita pale anahitaji lisansi yake. Microsoft inaiita CAL. Na kuko jambo lenye kudanganya watu: siku unapofungua mlango ule, seva haikuulizi kitu. Inakupa siku 120 za bure, kusudi upate nafasi ya kununua na kupanga. Katika siku zile watu wote wanaingia, kazi inatembea, kila mtu anafurahi. Siku zikiisha na lisansi haziko, seva inafunga mlango.

Fundi wa kampuni alifungua mlango ule katika juma la kwanza la mwezi wa tano. Hesabu mwenyewe: mwezi wa tano, wa sita, wa saba, wa nane. Siku 120 zilikwisha pale pale watoto waliporudi masomoni. Hakuna mtu aliyepanga hivyo. Lakini pia hakuna mtu aliyeandika tarehe ile ukutani.

Tuliwauliza: kwa nini hamkununua? Wakajibu kwamba walifikiri sisi ndio wa kununua, kwa sababu sisi ndio watumiaji. Sisi tulifikiri wao ndio wa kununua, kwa sababu seva ni yao. Tukachukua kontra. Kurasa tatu. Neno lisansi halikuwamo hata mara moja.

Kadi ya mchimbaji na kadi ya négociant

Kwa kuelewa nani wa kununua, mfano uliotusaidia ulitoka katika kazi yetu wenyewe.

Kila mchimbaji wa mkono anajua: sheria ya migodi ya mwaka 2002, na marekebisho yake ya 2018, inamtaka awe na kadi. Kadi ile ni ya mwaka mmoja, inampa haki ya kuchimba mahali palipopangwa, na tangu 2018 anapaswa kuwa ndani ya koperative. Je, kadi ile inamruhusu kununua dhahabu ya wenzake na kuiuza mbele? Hapana. Kazi ile ina kadi yake, kadi ya négociant. Dhahabu ni moja, mizani ni moja, lakini kadi ni mbili, kwa sababu kazi ni mbili.

Lisansi za Windows Server ziko vile vile. Lisansi ya kawaida, yenye unanunua dukani ao kwa mwakilishi, ni kadi ya mchimbaji: kampuni inatumia seva kwa kazi yake yenyewe, na watu wake yenyewe. Siku kampuni inaanza kuweka kazi ya watu wengine ndani ya seva na kulipisha, imekuwa négociant. Lisansi ya kawaida haikubali hiyo. Microsoft ina mapatano mengine kwa watu wa namna hii, yanayoitwa SPLA. Mwenye seva anatia sahihi, kila mwezi anatoa hesabu ya watu aliowafungulia, na analipa kulingana na hesabu ile. Mteja hanunui lisansi ya mlango. Inakuwa ndani ya bei anayolipa kwa mwenye seva.

Kwa hiyo jibu la swali letu lilikuwa wazi. Sisi tulikuwa wateja, seva haikuwa yetu, tulikuwa tunalipa kila mwezi ili hesabu yetu ikae kwa mtu mwingine. Kadi ya négociant ilipaswa kuwa mkononi mwa kampuni. Lakini hatukuuliza, na asiyeuliza ana sehemu yake katika kosa.

Kuko njia ya tatu, kwa yule mwenye aliandika programu yake mwenyewe. Microsoft inaiita Self-Hosted Applications. Kampuni inaweza kutumia lisansi za mkataba wa jumla pamoja na Software Assurance kwa kufungulia wateja programu yake, lakini kwa masharti: programu yake iwe ndiyo kazi kubwa yenyewe, na mteja asipewe Windows wazi ya kufanya anachotaka. Vijana wetu waliandika programu yao, kwa hiyo njia ile ingeweza kuwafaa. Tuliwaambia waiulize kwa mwakilishi, si kwetu.

Mtu ao masini

Jambo lingine lenye kuleta mashaka ni namna ya kuhesabu. Mwenye kununua CAL kwa seva yake mwenyewe anachagua: ahesabu watu, ao ahesabu masini.

Wazee wa mgodi wataelewa haraka. Kuko kifaa chenye kuandikwa jina la mtu, na kuko kifaa chenye kubaki mahali pa kazi, zamu moja ikitoka ingine inakishika. CAL ya mtu inamfuata mtu: anaweza kuingia na ordinatere ya buro, ya nyumbani, hata simu, ni lisansi moja. CAL ya masini inabaki na masini: watu watatu wa zamu tatu wanaitumia, ni lisansi moja. Basi ukiwa na watu wengi wenye kupokezana masini chache, hesabu masini. Ukiwa na watu wachache wenye masini nyingi, hesabu watu.

Lakini katika SPLA, kwa mlango huu wa Remote Desktop Services, hesabu ni ya watu tu. Tena si wale walioingia mwezi ule. Ni wote wenye ruhusa ya kuingia. Mtu akiwa na kode na haingii mwaka mzima, bado analipiwa.

Jambo hilo lilitufanya tufungue orodha. Tulikuta majina 14. Wafanyi kazi wa kweli wa sanduku na hesabu walikuwa tisa. Wawili walikuwa wajumbe wa komite wenye walitaka kode kwa heshima tu, hawakuwahi kuingia. Wawili walihama. Na mmoja, Mungu amrehemu, tulimzika mwezi wa sita. Kode yake ilikuwa bado hai. Fikiria: mtu mwingine angeijua, angeweza kuingia kwa jina la marehemu na kugusa akiba ya wajane. Hivyo kuhesabu lisansi kulitusaidia pia kufunga milango tuliyosahau.

Wengine watauliza kama sisi tulivyouliza: kwa nini tusitumie jina moja, "Sanduku", wote tuingie nalo? Ao tuweke masini moja katikati, wote wapitie pale, seva ione mtu mmoja? Jibu ni kwamba kanuni inaangalia watu wenye kufika kwenye kazi, hata wakipita katika mlango mmoja mwembamba. Idadi haipungui. Na jina moja kwa watu tisa lina ubaya mkubwa kuliko lisansi: siku feza inapotea, hutajua nani alikuwa kwenye masini.

Mkutano wa usiku

Jumatatu ile ile jioni komite ilikutana. Fundi alikuwa ametupa njia ya haraka. "Kuko namna ya kufuta hesabu ya siku," alisema. "Seva itafikiri imefunguliwa leo. Mutapata siku 120 zingine." Kijana mwingine alisema anajua namna ya kugeuza Windows ya kawaida, ile ya ordinatere ya nyumbani, ipokee watu wengi kwa wakati mmoja, hata kama imetengenezwa kwa mtu mmoja tu.

Mwenzetu mmoja akasimama: "Tuko na vita, tuko na njaa, na munataka tulipie lisansi Amerika? Wale watapoteza nini?" Wengi wakapiga makofi. Tusidanganye wasomaji: hata sisi tunaoandika, mikono yetu ilikuwa karibu kupiga.

Muzee mmoja wa pensheni akaomba neno. Alisema: "Mwaka ule mwajiri wetu alipokataa kutulipa saa za zaidi, alisema vile vile. Hawa watapoteza nini? Sisi wa sendika tulibeba kitabu cha sheria ya kazi mpaka kwa inspekta. Leo kitabu kinatugeukia sisi, tukitupe?"

Hilo ni neno la dhamiri, lakini kuko pia maneno ya akili.

La kwanza ni la sheria. Inchi yetu iko ndani ya Shirika la Biashara la Dunia tangu 1997, na mapatano yake ya TRIPS yanalinda programu ya ordinatere kama kitabu kinavyolindwa. Tangu 2023 tuna pia sheria ya kidijitali, Code du numérique, yenye kuweka kanuni juu ya kazi za intaneti na juu ya habari za watu. Sendika ikishtaki mwajiri kesho, haifai mwajiri yule apate cha kutuonyesha kidole.

La pili ni la usalama. Mlango wa Remote Desktop ukiachwa wazi kwa intaneti yote, wezi wa mbali wanaujaribu usiku na mchana. Mwezi wa tano 2019 Microsoft ilitangaza tundu kubwa katika mlango ule kwenye Windows za zamani, lililoitwa BlueKeep. Mwizi angeweza kuingia bila kode yoyote. Hatari ilikuwa kubwa mpaka walitoa dawa hata kwa Windows XP, ambayo walikuwa wameacha kuitunza. Sasa seva yenye faili zake zimegeuzwa kwa siri, kila mara inapopokea dawa mpya unaogopa itakatala. Mwisho wake unaacha kuitia dawa. Na akiba ya wajane inakaa ndani ya nyumba yenye mlango uliooza.

La tatu ni la nguvu. Mwenye kujua namna ya kufuta siku 120 ni fundi mmoja. Kila miezi minne tungempigia magoti. Siku akihama ao akikasirika, sanduku letu limefungwa. Sendika haijengwi juu ya mtu mmoja.

Tulipiga kura usiku saa tatu. Njia ya haraka ilikatwa, lakini kwa kura mbili tu za zaidi.

Wale waliokuwa kwenye mstari

Kupiga kura si kulipa minervali. Mtunza sanduku wetu, mama mwenye roho ngumu, hakuwa ameacha kabisa daftari. Alikuwa anaandika kwa mkono hesabu ya kila mwisho wa mwezi, na sisi tulikuwa tunamcheka. Daftari lake lilifika mwisho wa mwezi wa saba. Mwezi wa nane haukuwamo, na katika mwezi wa nane watu wengine walitoa, wengine waliweka. Kulipa zote kulikuwa hatari. Tukaamua kulipa nusu ya akiba iliyoandikwa, na nusu ingine ingoje seva.

Mjane mmoja wa mchimbaji aliyefukiwa shimoni alikuwa na watoto wawili wa sekondari. Alihesabu feza mbele yetu, akatuuliza: "Hii inatosha mtoto moja. Munichagulie munataka nani asome?" Hakuna aliyemjibu. Mmoja wetu alitoa ya mfukoni, lakini mtu hawezi kutoa ya mfukoni kwa mstari wote.

Seva ilifunguka siku ya kumi na moja, wakati kampuni ilimaliza mapatano na mwakilishi wa lisansi na kuandikisha majina yetu tisa. Watoto wengine walikuwa wamekosa juma moja na zaidi la masomo.

Tulichochagua, na kwa nini

Tulitazama njia tatu, kila moja na mzigo wake.

Kununua seva yetu na lisansi zetu. Hapo sisi tungekuwa mchimbaji mwenye kadi yake. Tungenunua Windows Server, CAL za Windows Server kwa kila mtu ao masini, na juu yake CAL za Remote Desktop Services. Ni lisansi za namna mbili, moja haichukui nafasi ya ingine. Tena mwaka wake unaangaliwa: CAL ya 2019 haifungui seva ya 2022, lakini CAL ya 2022 inafungua seva ya 2019. Uzuri ni kwamba ukishanunua, ni yako. Ubaya ni kwamba unahitaji fundi, betri, umeme wa saa zote na chumba chenye kufungwa. Hatukuwa navyo.

Kubaki kwa mwenye seva, yeye akiwa na SPLA. Unalipa kila mwezi kwa jina. Mtu akitoka, unapunguza. Hatuhitaji feza nyingi kwa mara moja. Ubaya ni kwamba ukiacha kulipa, huna kitu mkononi isipokuwa hesabu zako, kama ulizishika.

Kuhamia programu ya intaneti juu ya Linux, yenye mtu anafungua kama anavyofungua ukurasa wowote. Hapo hakuna kuhesabu vichwa. Tusifikiri ni ndoto: vituo vya afya vya inchi yetu vinatuma hesabu zao kwa DHIS2, programu huru inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na hakuna mganga anayeulizwa CAL. Lakini huru si bila kanuni. Nyingine ziko na lisansi ya AGPL ya mwaka 2007, yenye kusema: ukibadilisha programu na kuifungulia watu kwa mtandao, wape watu wale haki ya kuona namna ulivyoiandika. Na huru si bila kazi. Programu yetu ya sasa ingepaswa kuandikwa upya, na fundi analipwa.

Tumechagua njia ya pili kwa mwaka mmoja, na tumewapa vijana wa kampuni mwaka huo kuangalia ya tatu. Tangu Starlink ilipopewa ruhusa katika inchi yetu mwaka 2025, wengi zaidi huku vijijini watataka kuingia kwa mbali. Lisansi yenye kuhesabu vichwa italemea kila tunapoongezeka.

Jambo moja tumelikatala. Koperative moja ya Mongbwalu ilituomba itumie programu kwa kode zetu, watulipe kidogo. Ni ndugu zetu, na ingekuwa feza nzuri. Lakini siku ile ile sisi tungekuwa négociant bila kadi. Tumewaelekeza wajiandikishe wenyewe kwa kampuni, kwa majina yao.

Uliza mbele ya kutia sahihi

Koperative, mituele, chama cha wamama: mtu akija kukuambia "tutawatunzia programu yenu, mutaingia kwa mbali", muulize maneno haya, na majibu yaandikwe ndani ya kontra:

1. Seva ni ya nani, na lisansi ya kufungulia watu wengine iko kwa jina la nani? Atuonyeshe karatasi.
2. Bei ni kwa mtu ao kwa masini? Nani anaandika majina mapya, na nani anafuta ya waliotoka?
3. Kuko siku za bure? Zinaisha tarehe gani? Andika tarehe ile ukutani, na siku 30 mbele yake uliza tena.
4. Programu zingine ndani ya seva, kama Word na Excel, ziko na lisansi yao ya kutumiwa kwa mbali? Ile ya mlango haizifuniki.
5. Mlango uko wazi kwa intaneti yote, ao unapita mahali palipofungwa kwanza? Windows ile bado inapokea dawa? Windows Server 2012 R2, kwa mfano, iliachwa tarehe 10/10/2023.
6. Tukiachana, hesabu zetu tutapewa kwa namna gani, siku ngapi, na bila malipo?

La saba ni letu wenyewe, si la kampuni. Kila Jumamosi jioni mtunza sanduku wetu anachukua kopi ya hesabu zote katika diski, na anachapisha orodha ya akiba ya kila mwanachama. Diski inalala mahali pengine, mbali na seva. Orodha inawekwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na lile daftari lake la mkono. Hakuna tena anayemcheka.

Mwaka huu siku 120 hazituhusu tena, lakini tarehe ya kulipa mwezi inatuhusu. Tumeiandika kwa chaki juu ya mlango wa buro, mahali kila mwanachama anaiona akiingia. Mama yule wa watoto wawili alipita juma lililopita kuweka akiba. Alisoma chaki ile, akauliza ni nini. Tukamweleza. Akasema: "Basi mutulipe mbele, musingoje mwezi wa tisa."

Tutalipa mbele.